Bibi Yako Alikuwa Anavanga

Simbo, Jumamosi mchana

Mwanangu Goreti,

Nisamehe nimechelewa sana kukuandikia. Sisemi kuchelewa kwa leo, ingawa safari yako ya kwa bibi Burundi ni kesho alfajiri na kalamu yenyewe ni hii inayokatakata wino. Nasema kuchelewa kwa miaka miwili. Karatasi hizi ni za daftari lako la hesabu la darasa la sita, zile za nyuma ambazo hukuziandika. Nilizichomoa wiki ile bibi yako alipoondoka, nikaziweka juu ya kichanja ndani ya sufuria lililotoboka. Mara tatu nimeandika "Mwanangu Goreti," nikaishia hapo hapo. Ukiona juu ya ukurasa pamefutwa, ni hizo mara tatu.

Umeenda Katonga na shangazi yako Yudita kununua dagaa wa njiani. Mkirudi nitakuwa nimeshaikunja barua hii na kuitia ndani ya kitenge cha bluu, chini kabisa ya mzigo wako. Utaikuta mbele ya safari. Uso kwa uso nimejaribu, siwezi.

Mambo ya kunawa, kusali, kutopokea chakula cha mtu usiyemjua garini, hayo shangazi atakuambia hadi umchoke. Wewe una miaka kumi na mitatu na akili yako imetulia kuliko yangu ya wakati ule. Mimi nataka kujibu swali lako tu.

Jumatatu tulipokuwa tunakunja nguo zako uliniuliza huku unatazama ukutani, "Mama, bibi hataniroga?" Nikakujibu, "Funga mzigo." Hukuuliza tena. Tangu siku hiyo nakuona unakula nusu sahani na kusema umeshiba.

Jibu ni hapana. Bibi yako hajamroga mtu. Elia mdogo wako hakuliwa na bibi. Mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, watu wakasema waliyosema na wewe ukakua nayo masikioni. Hilo ndilo la kukuambia. Ninayoandika huku chini ni kukueleza ilivyokuwa, ili usidhani nakutuliza tu kwa sababu unaondoka.

Itabidi nianze na mbegu.

Tulipokimbia kwetu Burundi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jirani mmoja alibeba godoro, mwingine mbuzi, na kuna mzee alibeba mlango wa nyumba yake kichwani hadi ziwani. Bibi yako alijifunga kiunoni kitambaa chenye maharage. Siku ya pili njiani nililia njaa mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia, mama, tuchemshe hayo maharage. Alinitazama kama nimemwambia tumchemshe mtu.

"Haya si chakula," akasema. "Hili ni shamba."

Nilimchukia. Kwenye boti watu walikuwa wanatapika na kuita majina ya watakatifu, yeye mkono uko kiunoni, anapapasa. Nikasema moyoni, huyu mama anapenda maharage kuliko mimi. Nilibaki na neno hilo miaka mingi, Goreti, na nadhani hata siku niliyoyachambua nilikuwa bado nalo.

Huku Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, alipanda pembeni ya nyumba, mahali pa upana wa mkeka. Halafu ndiyo tukaja hapa Simbo, mwenyeji wetu Mama Hamisi akatupa kipande cha kulima kule bondeni. Wewe ulikuwa tayari unatambaa, na baba yako alikuwa bado hajaenda Mpanda kutafuta kazi. Unalikumbuka shamba la bibi lilivyokuwa. Shimo moja anatia mahindi na maharage. Hatua tatu mbele anatia boga. Mihogo inasimama hapa na pale kama watu wanaosubiri kitu. Chini kwenye unyevu magimbi, juu migomba. Na maharage yenyewe hayakuwa ya aina moja. Yalikuwa meusi, ya njano, meupe madogo, mekundu, ya kahawia yanayopanda juu ya mahindi, na yale ya madoa ambayo Elia aliyaita mayai ya kware. Anachota kapuni bila kuangalia, anatupia. Nikimuuliza kwa nini hachagui ananijibu, "Mvua nayo haituulizi sisi tunataka ipi."

Mimi niliona ni fujo. Nilikuwa napita mashamba ya wenzetu, mahindi yamepangwa kwa kamba, mstari umenyooka mpaka unaona upande wa pili, nikirudi kwetu naona aibu. Lakini ngoja nikuambie jambo ambalo sikulihesabu wakati ule. Tulikuwa tunaanza kula majani ya maboga mahindi hayajafika magotini. Yakiisha majani, maharage mabichi. Yakiisha hayo, mahindi ya kuchoma. Yakiisha yote muhogo uko ardhini, unakungoja. Hakuna siku jiko la bibi yako lilikosa kitu cha kutia chunguni. Nilikula kwenye lile jiko miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa lile neno.

Unamkumbuka Rajabu, yule mnunuzi wa Gungu aliyekuja na baiskeli na magunia matupu, mtu wa Tanga. Siku hiyo ulikuwepo, ulikuwa na miaka kumi, umekaa kwenye kichuguu. Alimkuta bibi anapanda.

"Shikamoo bibi. Mbona shamba limeingiliana hivi?"

"Marahaba. Ninavanga, baba."

"Unafanya nini?"

"Ninavanga. Mama yangu alivanga, bibi yangu alivanga. Na huyu binti namfundisha, atavanga. Na hako kajukuu ukikaona hapo, kananishinda kuvanga."

Rajabu alirudisha mguu kwenye pedali. "Mchana kweupe, bibi?"

"Sasa usiku nitaona nini?"

Mama Hamisi alikuwa anapalilia jirani. Alicheka mpaka akakaa chini na jembe lake. "Rajabu wewe! Kuchanganya! Anasema anachanganya mbegu, hata sisi Waha tunasema hivyo! Wewe umesikia kuwanga, ya wachawi? Haya kimbia basi, atakupakia kwenye ungo!" Bibi alipoelezwa naye akashangaa kwa Kirundi, "Yampaye inka! Nimejitangaza!" Tukacheka wote, hata Rajabu, na bibi akampa boga aende nalo.

Kicheko kilibaki shambani kwetu. Neno liliondoka na baiskeli. Lilifika Ujiji, likarudi Simbo limeshabadilika. Kisimani wakaanza kukuuliza, "Goreti, jana mlipaa mpaka wapi?" Ulirudi siku moja ndoo nusu, ukakataa kushika kapu la bibi la mbegu. Bibi alidhani unaumwa mkono. Mimi niliona uso wako nikaelewa. Badala ya kutoka niende kisimani niwaambie watu maana ya neno moja la Kirundi, nilikasirika na bibi. Nikamwambia, "Mama, jifunze Kiswahili vizuri, unatuaibisha." Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Akasema, "Ego, ndiyo, nitajifunza." Kwa siku kadhaa akawa hasemi kabisa mbele ya watu.

Msimu uliofuata aliitwa kambini kumuuguza dada yake. Akaniachia kapu. Akasema, "Mvua ikianza usinisubiri, panda." Hakusema zaidi. Kwani kuna mtu anamwambia binti yake wa miaka ishirini na tisa jinsi ya kupanda?

Wiki hiyo Rajabu akapita. Akatia mkono kapuni, akayaacha yateleze vidoleni. "Mama Goreti, haya ya rangi rangi nani ataninunulia? Mtu akipika, mengine yameiva mengine mawe. Niletee mekundu matupu, nitachukua yote utakayovuna." Simlaumu. Ni mtu wa biashara na alisema ukweli wa sokoni. Nami nilitaka usome sekondari, nilitaka uvae viatu, na nilitaka, nikuambie tu, nilitaka watu wapite kwenye shamba letu wasiseme neno.

Nilitandika mkeka uani, tukachambua. Mimi na wewe. Ulikuwa mwepesi wa vidole, ukawa unaimba. Elia anatuzunguka, anaiba punje moja moja na kuzitia kwenye kopo lake la mafuta ya kupaka, anatikisa, anasema ni redio. Nilimpiga kofi mkononi mara mbili halafu nikamwacha. Uliyafanya niliyokutuma, wewe huna kosa lolote, sikia hilo vizuri. Mekundu tukayaweka kwenye kapu. Mengine yote nikayatia chunguni.

Tulikula siku tisa. Yalikuwa matamu. Ulisema, mama, yana ladha nyingi. Nikacheka. Bibi yako alivuka nayo ziwa kiunoni, akanilaza njaa kwa ajili yake, nami niliyamaliza kwa siku tisa na chumvi. Nilikuwa nakula shamba.

Nikang'oa mihogo michanga ili mistari inyooke. Maboga sikupanda. Mahindi nayo nikayaacha, nikasema yatayazibia maharage jua. Nilivuta kamba kutoka mgombani hadi mtoni nikapanda mekundu matupu, na yalipoota, Goreti, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Watu walisimama njiani. Yule mama wa kisimani, yule mwenye mdomo, alisema, "Sasa hili ni shamba." Nililala nafurahi.

Mvua haikukosa mwaka ule, ilizidi. Ilinyesha mfululizo mpaka maji yakawa yanasimama kwenye vijia. Maharage yalikuwa yanaanza kutoa maua. Asubuhi moja nikaona mstari wa chini una njano. Nikadhani ni matope. Siku ya tatu njano imefika katikati. Niling'oa mche mmoja, nusu ya mzizi ikabaki ardhini. Mzizi ulikuwa mweusi, laini, unateleza kama uzi uliolowa. Nikang'oa mwingine. Nikang'oa mwingine. Nilikwenda na mstari mzima nikiwa nimeinama, nikitafuta hata mmoja wenye mzizi mweupe. Yote ilikuwa ni mche mmoja, ndiyo maana. Kilichoua wa kwanza kiliua wa mwisho. Yale meusi hayajali maji, bibi alikuwa akisema hivyo kila mwaka wakati wa palizi, na mimi nilikuwa nayasikia kama mtu anavyosikia jogoo. Ardhi nayo ilikuwa uchi, hakuna boga la kuifunika, udongo wa juu wote ulikwenda mtoni.

Bibi alirudi kukiwa na mashina makavu tu. Alitembea kwenye mistari yangu, kwenda na kurudi. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Meusi yako wapi?"

"Tumekula, mama."

"Ya njano?"

"Tumekula."

"Ya madoa?"

Nikageukia mtoni. Alikaa chini pale pale kwenye maji, na kitenge chake cha safari. Hakunitukana. Hadi leo natamani angenitukana.

Miezi iliyofuata unaijua, ulikuwa na akili. Tulikula muhogo wa kuomba. Mama Hamisi alitupa alichokuwa nacho, naye hakuwa na kingi. Wewe ulikuwa unasema umekula shuleni, na shuleni hapakuwa na chakula. Nilijua unadanganya nikakuacha udanganye, kwa sababu nusu yako nilimpa Elia. Hata hivyo haikutosha. Ilipokuja homa ikamkuta mwepesi. Bibi ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, hakukubali nimpokee. Yule nesi alimfunua kope, akamshika tumbo, akaniambia taratibu, "Mama, huyu mtoto hana akiba mwilini." Alihangaika naye siku mbili. Hiyo ndiyo iliyomuua mdogo wako. Homa, na kukosa akiba. Na akiba yake niliichemsha mimi.

Msibani wanawake walikaa uani. Bibi alikuwa jikoni anachochea moto wa chai ya wageni, mgongo ametupa sisi. Yule mama wa kisimani akaniinamia, lakini sauti hakuishusha. "Mama Goreti, pole. Lakini si mama yako mwenyewe alimwambia Rajabu? Kwa mdomo wake?" Wote wakanigeukia. Wewe ulikuwa mlangoni, nilikuona.

Ilikuwa ni sentensi moja tu. Ningesema, "Kuvanga ni kuchanganya mbegu, na mtoto wangu amekufa kwa sababu sikuchanganya." Basi. Ningemaliza. Niliiona sentensi nzima imekaa mdomoni. Halafu nikaona macho yao, nikafikiri watakavyoniangalia wakijua niliwaacha watoto bila kitu kwa ajili ya mistari. Nikatazama chini, nikaanza kukunja pindo la kitenge. Wao wakaelewa kimya changu walivyotaka kukielewa. Mama Hamisi ndiye aliyefoka, "Acheni upumbavu wenu!" lakini yeye si mtoto wa bibi, mimi ndiye mtoto wake.

Bibi alisikia. Nilijua kwa sababu aliacha kuchochea.

Wiki mbili baadaye aliandikisha jina kwenye orodha ya wanaorudi Burundi. Kule Gungu gari likiwa linanguruma nilimshika mkono, akaniachia nimshike. Akasema, "Maharage uliyachambua nikanyamaza. Na mimi umenichambua." Akapanda. Mfukoni mwake nikasikia kopo la Elia likitikisika. Nilikuwa nimelitafuta kila mahali nilitupe, maana sikuweza kuvumilia sauti yake. Mle ndani mtoto alikuwa ameiba kidogo kidogo kila rangi, kwa sababu alipenda rangi. Hayo ndiyo maharage yote yaliyobaki katika yale yaliyovuka ziwa. Punje za redio yake.

Mwezi uliopita yule fundi baiskeli aliyetoka kule alileta neno. "Mama yako anasema maharage yameota. Anasema umpelekee Goreti, mikono yake miwili haitoshi, shamba ni la kuvanga." Nikamuuliza, na mimi? Amesema nini juu yangu? Akakuna kichwa, akasema labda amesahau kumwambia. Mama hasahau, Goreti. Yule ni mtu aliyekumbuka mbegu wakati watu wamesahau watoto.

Kwa hiyo unakwenda kwa mtu ambaye hana sababu ya kunisamehe, na ana sababu zote za kukupenda wewe. Usichanganye hayo mawili, hapo tu ndipo nakuambia usichanganye. Akinisema vibaya, mwache aseme. Usinitetee. Yatakuwa kweli. Na ukimsikia anasema anavanga, usicheke kama walivyocheka wa kisimani, wala usishtuke. Shika kapu usimame karibu naye. Ni hivyo tu. Kapu ulilokataa siku ile alidhani ni mkono unauma, hajawahi kujua. Ukiona inafaa mwambie, usipoona inafaa acha.

Ningependa kukuambia kule ni kuzuri. Sipajui tena. Nakumbuka kilima, na ukungu, na mahali nilipojikwaa nikavunjika jino. Fundi anasema upande mmoja wa shamba umeshalimwa na watu wengine na kuna maneno. Shule ni ya Kifaransa, na Kirundi chako ni cha jikoni. Utachekwa tena, mara hii kwa Kiswahili chako. Sina cha kukupunguzia. Nakutuma kwa sababu kule kuna shamba linalolisha, na hapa kuna mimi.

Umeniuliza kwa nini sipandi gari na nyie. Nimekujibu kwamba namsubiri baba yako. Baba yako hajaleta neno tangu kabla ya masika ya mwaka jana, na nadhani na wewe umeacha kumsubiri. Sipandi gari kwa sababu hakuniita. Na naogopa nikishuka pale kilimani ataniangalia kama alivyoiangalia ile mistari.

Kuna na hili, uambiwe na mimi kabla hujalisikia kwa shangazi. Mama Hamisi amekuja jana. Hamisi anaoa, kipande cha bondeni atalima yeye msimu ujao. Alilia wakati wa kunieleza, nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza. Amesema nyumba nikae nitakavyo. Na amesema pale juu kwenye kaburi la Elia, pembeni ya migomba, ile sehemu yote hadi kwenye jiwe hakuna atakayeigusa, ni yangu. Nimepima kwa miguu. Ni hatua sita kwa nne.

Hatua sita kwa nne mtu hashibi, najua. Nimechoka, mwanangu, na sina umri wa kuchoka hivi. Siku nyingine naamka nakaa kitandani na mikono mapajani mpaka jua linapanda, sijui nianze na nini. Sikuambii hili unionee huruma. Nakuambia ili ukinikumbuka usinikumbuke nikiwa na nguvu ambazo sikuwa nazo, halafu siku yako ya kuchoka ikifika ukadhani wewe peke yako ndiye dhaifu. Ila usinyamaze kama mimi. Jambo likikukaa mdomoni liseme hapo hapo, hata vibaya, hata kwa Kiswahili kibovu kama cha bibi.

Mimi nitakwenda kisimani kesho, gari likishaondoka. Sijui kama watanisikiliza, miaka miwili imepita na wao wameshazoea walichoamini. Nitasema tu. Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma.

Nawasikia kwenye kona, shangazi Yudita anacheka. Sina nafasi. Msomee bibi barua hii yote, hata pale panapokuhusu, isipokuwa la kapu ambalo utaamua mwenyewe, kwa sababu macho yake si mazuri. Ukimaliza uniombee kwake nilivyoandika hapa. Akikataa usimng'ang'anie, usilete kwa siri, na usimnunie. Akikubali, yule fundi atarudi huku baada ya mavuno, atabeba. Ninahitaji:

Maharage meusi, punje kumi.

Ya njano, punje kumi.

Meupe madogo, kumi pia, hayo yanavumilia jua na pale juu ni pakavu.

Ya kahawia yanayopanda, matano tu, fito sina.

Mekundu matano. Usiyaache, hayakuwa na kosa.

Mbegu za boga tatu.

Ya madoa, yale mayai ya kware, kiasi atakachotoa. Hata moja.

Kitambaa cha kuyafungia, kimoja, yote humo ndani pamoja. Usiyachambue.

Na kopo la Elia, kama bibi amemaliza kazi nalo. Hata kama lina kutu.